Kipande cha Sita

Tangu nirudi Juba mmeniuliza mambo mawili tu, na mmoja wenu aliuliza la pili kabla ya la kwanza. Wani alikuwaje? Na yule mkunga, aliwabadilisha watoto au hakuwabadilisha? Nimechoka kujibu nusu nusu kwenye foleni ya maji na mlangoni pa kanisa, kwa hiyo nimeandika yote hapa, mpitishiane. Anayetaka kuruka hadi mwisho aruke, simzuii. Mwisho wenyewe hautamsaidia.

Hai Mauna, kabla ya kuondoka

Nyinyi mliokulia Kenya mnaijua desturi ya vipande. Waliokulia Uganda ndio hunitazama kama mwendawazimu ninapochukua wembe na kupasua kitabu mgongoni. Kambini Kakuma tulikuwa wengi na vitabu vilikuwa vichache. Mwalimu wetu alikata kila riwaya vipande sita, akavishona kwa uzi wa gunia, akavifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji na kuandika namba pembeni. Hivyo watu sita walisoma kitabu kimoja wakifuatana. Ukimaliza kipande uliweka saini nyuma. Anayekipokea alikuuliza, "Kinaanzaje?" na usipojua ulichekwa wiki nzima, kwa sababu sheria ilikuwa moja: hupitishi kipande ambacho hujakisoma. Mimi nilijifunza kusoma kwenye vipande hivyo, kwa kaka yangu Wani, ambaye alinilea baada ya mama kufariki.

Juba ilinifanya niishike desturi hiyo zaidi. Mnajua kazi yangu ilivyokuwa, kusimamia vyumba katika ile hoteli ya makontena kando ya mto, kuondoka kabla jua halijachomoza na kurudi likiwa limezama. Kitabu kinene hakina pa kukaa katika maisha kama hayo, lakini kipande kinaingia kwenye mfuko wa aproni. Nilisoma nikisubiri lori la maji, nikisubiri shuka zikauke, nikisubiri jenereta ikubali kuwaka. Kurasa nne hapa, mbili pale, jicho moja kwenye mstari na jingine mlangoni asije bosi. Nilijisifu kwa hilo. Niliwaambia hata nyinyi kwamba anayesema hana muda wa kusoma ni mvivu tu.

Riwaya ya mkunga niliinunua soko la Konyokonyo kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vyake vyote. Haikuwa na jalada, kwa hiyo jina lake hatulijui mpaka leo. Hadithi mmeisikia kwangu: mkunga wa mji wa migodi anashtakiwa kwamba aliwabadilisha watoto wawili siku walipozaliwa. Niliikata vipande sita. Kila nilipomaliza kimoja nilisaini, nikakifunga kwa uzi wa gunia kwa fundo langu la vitanzi vitatu, nikampa dereva wa basi ampelekee Wani, aliyebaki Kitale na mkewe Nekesa. Vitano vilikwenda. Cha sita kilikaa kwenye sanduku langu la bati miezi kumi na mitatu, bila hata mimi kukifungua.

Wani akipiga simu nilimwambia sina muda, mwezi ujao. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili naisema sasa kwa mara ya kwanza: tangu tutengane, kitabu kile ndicho kilichokuwa mazungumzo yetu yasiyo na habari mbaya ndani yake, na niliogopa kikiisha tutabaki kuulizana hali ya hewa. Nikakificha kipande kama mtoto anayeficha nyama chini ya ugali.

Kisha Nekesa akapiga yeye mwenyewe. Ugonjwa wa sukari wa Wani ulikuwa umefika kwenye figo, hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani. "Wifi, hasemi mengi," aliniambia. "Anaulizia kipande cha sita tu. Kila siku hicho hicho."

Bosi alinipa siku kumi kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino. Nilifungua sanduku, nikapapasa, nikaona karatasi ya saruji yenye namba sita, nikaitia kwenye mkoba. Mama Susu, ambaye tunakaa naye ua mmoja hapo Mauna, alisimama mlangoni akinitazama.

"Keji, wewe iko enda kwa mgonjwa na karatasi?"

"Ndiyo alichoomba, Mama."

"Hapana. Mgonjwa inapelekewa sukari. Beba hata kilo mbili."

"Mama, sukari ndiyo inayomuua."

"Ai, malesh," alisema, yaani pole, akanishika mkono.

Gumbo hadi Nimule

Tulivuka daraja mapema, tukasimama Gumbo saa mbili nzima kwa sababu dereva alikwenda kunywa chai na aliyempikia alikuwa hajawasha jiko. Kando yangu alikaa mwanamke wa Gulu aliyefanya biashara ya nguo Juba. Aliitwa Mama Akello. Binti yake alikuwa amejifungua, naye alikuwa anampelekea kuku ndani ya kikapu. Kuku alikuwa amekaa kimya mno. Kwa safari yenye mashimo kama ile, nilimwona ana adabu kuliko abiria wote.

Mbele kidogo tulikuta lori limelala likiziba barabara. Tulikaa hapo saa tano. Mnaijua barabara ile na mawe yake yaliyopakwa rangi nyekundu pembeni: zaidi ya hapo kuna mabomu ya ardhini, hakuna kukanyaga. Kwa hiyo watu zaidi ya hamsini walitembea juu na chini katika alama za magurudumu tu. Wanawake tulishikiana kitenge katikati ya barabara, kila mmoja zamu yake ya kujisaidia, na wanaume wakaambiwa watazame Juba. Wapo waliocheka. Mimi sikuweza, nilikuwa nahesabu siku.

Saa tano! Tangu nianze kazi sikuwahi kupewa saa tano za bure. Nilikaa kwenye kivuli cha basi, nikaweka kifurushi magotini, nikalishika fundo. Sikulifungua. Niliona kwamba nikisoma mwisho, basi Wani atakuwa anakufa kweli.

"Hiyo chakula?" Mama Akello aliniuliza.

"Hapana. Ni kitabu."

"Na hapana soma?"

"Nitasoma baadaye."

"Baadaye gani? Gari imekufa, dereva imelala. Wewe nataka baadaye ingine?"

Nilimwona mjuaji. Tulifika Nimule jua limezama, tukala samaki na ugali ambao wao huuita posho, nikalala na kifurushi chini ya kichwa.

Nimule hadi Gulu

Ya mpakani nayaruka, kila mtu anayo yake. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa pili, na karibu na Atiak basi likazama kwenye matope mpaka kwenye ekseli. Tukashushwa tena. Hapo ndipo nilipojiambia basi, siwezi kumfikia Wani halafu aniulize "Kinaanzaje?" nikabaki nimeduwaa. Nikakaa juu ya jiwe, nikafungua fundo.

Mstari wa kwanza ulisema: kuku mwenye kideri husimama peke yake, huinamisha kichwa na kukosa hamu ya kula.

Niliusoma mara tatu. Aki ya Mungu, nilifikiri mkunga amehama mji na kuanza kufuga. Niligeuza ukurasa, nikaona mchoro wa kuku aliyepooza mbawa. Kilikuwa kipande cha sita, ndiyo, lakini cha kitabu cha kufuga kuku, kile nilichonunua nilipoota kupata kiwanja New Site na banda nyuma ya nyumba. Nilikikata mwenyewe, nikakifunika kwa karatasi ile ile ya saruji na kukiandika namba kwa mwandiko ule ule. Mtu mwingine anayepeleka kitabu kwa mgonjwa husoma jina lake juu ya jalada. Sisi wa vipande tunaona namba tu. Na kama ndani ya miezi kumi na mitatu ningekuwa nimekifungua kile cha mkunga walau mara moja, saini yangu ingekuwa nyuma, nami ningekitambua bila kufikiri. Nililia pale pale kwenye jiwe, kwa sauti.

Mama Akello alikuja na kikapu chake. Nilipomweleza hakuelewa ya mkunga, ila la kuku alilielewa mara moja.

"Soma," alisema.

Nikamsomea. Husimama peke yake. Huinamisha kichwa. Hutoa kinyesi cha kijani. Kila nilipotaja dalili alifunua kikapu, akaangalia, akafunika.

"Kitabu hii inajua kuku yangu," alisema. "Sasa inasema tupatie dawa gani?"

Nilitafuta. "Kinasema akishaugua hakuna dawa."

Kuku alikufa kabla hatujafika Gulu, na yule mama akashuka na kikapu kitupu kwenda kumwona mjukuu wake. Hakuniaga vizuri. "Kama hapana soma," aliniambia akiwa chini, "kuku ingefika." Nilikuwa na jibu la kumpa lakini nililimeza, maana nami nilikuwa karibu kuamini.

Nikampigia Mama Susu simu, nikamwomba afungue sanduku atafute namba sita.

"Sita iko tatu hapa. Yote ya simiti."

"Fungua, Mama. Tafuta palipoandikwa mkunga."

Nilimsikia akihema na kusoma silabi kwa silabi, mama wa watu ambaye shule aliiacha Adjumani darasa la tatu. Mara akapiga kelele. "Iko! Mkunga iko hapa! Kesho mimi napatia dereva." Nilimshukuru mpaka mtandao ukakata.

Kampala, Malaba, Bungoma

Kampala basi lilisubiri kujaa kuanzia asubuhi mpaka jioni. Sikuwa na kingine cha kusoma. Nilinunua chapati iliyoviringishwa mayai, nikakaa stendi na nikamaliza kipande cha kuku chote, kurasa arobaini, bila kuinua kichwa. Miaka miwili sikuwa nimesoma hivyo. Magonjwa ya mapafu, minyoo, chawa, namna ya kuchoma mizoga. Nilijichukia kwa jinsi nilivyofurahia.

Kuanzia Malaba nilianza kusikia Kiswahili cha utotoni mwangu, na Bungoma mwanamke aliyeniuzia mahindi ya kuchoma aliniita "madam." Siku nne zilikuwa zimekwisha.

Kitale

Nekesa alinipokea langoni, akanipa maji ya kunawa, akanipa chai, kisha akanishika mabega kama anayenipima kama nitaweza. Ndani, Wani alikuwa kwenye kiti cha kuegemea, miguu imevimba, mikono imekuwa ya mtu mwingine. Macho yalikuwa wazi yakielekea dirishani. Hakuyageuza nilipoingia.

"Keji," alisema. "Bado unaburuta mguu wa kushoto."

Nilimkumbatia. Alinukia dawa. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu, kama alivyofanya kambini.

"Kipande."

Sikujua la kufanya, nikampa nilichokuwa nacho. Alipapasa karatasi, akafika kwenye uzi, akahesabu vitanzi kwa kidole gumba. "Fundo lako. Haya. Kinaanzaje?"

Ningeweza kutunga. Nilikuwa nimetunga njia nzima, nina miisho mitatu kichwani. Lakini kwa swali lile, kwa mtu yule, ulimi ulikataa.

"Kuku mwenye kideri husimama peke yake," nikasema, "huinamisha kichwa na kukosa hamu ya kula."

Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na Nekesa akaja mbio kutoka jikoni. "Huyo si mkunga," alisema alipopata pumzi. "Huyo ni mimi." Nikamweleza yote, sanduku, Atiak, Mama Akello, na kwamba chenyewe kinakuja na basi linalofuata.

Nilimwomba Nekesa aniletee vile vitano, nivipange nisome tena nikisubiri. Akaleta katoni. Cha kwanza kilikuwa na saini ya Wani nyuma, na cha pili. Kwenye cha tatu saini ilipanda juu na kutoka nje ya karatasi. Cha nne na cha tano vilikuwa bado vimefungwa. Vitanzi vitatu, uzi wangu, hakuna aliyevigusa.

"Kaka, hivi hujavisoma."

"Macho yaliishia kwenye cha tatu."

"Sasa kwa nini ulikuwa unadai cha sita?"

Alivuta blanketi. "Nilikuambia naumwa mara tatu, Keji. Mara zote ukasema mwezi ujao. Nikaona nikikuita wewe huji, bora niite kipande. Nilijua kipande utakileta kwa miguu."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepata pa kushika. Nilitoka nje nikasimama kwenye kamba ya nguo na kuzigusagusa, kama vile nipo kazini.

Mchana ule nilianza kumsomea cha nne. Kilituchukua siku tatu, kwa sababu alichoka haraka na kwa sababu alinikatiza. "Polepole. Unasoma kama unafukuzwa." Alikuwa sahihi. Sijui kusoma kwingine, nimejifunza kusoma mbele ya mlango unaoweza kufunguliwa. Alitaka nirudie maneno ya akina mama wale wawili, alitaka ajue mvua ilikuwa inanyesha au la. Jioni Nekesa alituletea uji, na tulibishana sote watatu. Nekesa alisema mkunga hana hatia. Wani alisema ana hatia ila alikuwa na sababu. Naweza kusema tulikuwa na furaha, ingawa ni neno kubwa kwa nyumba ile.

Basi tulilolisubiri halikuleta kitu.

Siku iliyofuata, asubuhi, Nekesa alikwenda dukani na mimi nikafungua cha tano. Siku zangu kumi zilikuwa zinakwisha, tiketi ilikuwa ya kesho, na nilipiga hesabu kwamba nikikaza nitamaliza kabla ya chakula. Nikakaza. Ukurasa wa tatu Wani alisema, "Polepole, mama." Alikuwa hajawahi kuniita mama. Nilisema sawa, nikapunguza kwa mistari miwili mitatu, kisha nikakimbia tena. Hakunikatiza tena. Nilifikiri amezoea. Nilisoma mpaka mstari wa mwisho, pale akina mama wanaposimama mbele ya mkunga na mmoja wao anamwambia aseme.

"Haya kaka," nikasema, "sasa tunasubiri Mama Susu." Nikainua macho.

Mkono wake ulikuwa umeanza kupoa. Sijui alikwenda kwenye ukurasa gani. Kipande kile kina kurasa hamsini na mbili, na katika kurasa arobaini na tisa kati ya hizo sikumtazama hata mara moja.

Kurudi

Watu wa Nekesa walitupa mahali pa kumzika, Mungu awabariki. Sikupanda basi la kesho yake, wala la siku iliyofuata. Njiani kurudi sikumbuki chakula wala majina. Atiak palikuwa pamekauka.

Nilipofika Mauna, Mama Susu alinivuta kifuani kabla sijasema. Kipande cha sita kilikuwa juu ya meza yangu, amekifunga upya kwa utepe wa kanga yake. "Gari mafi, Keji, gari hakuna. Mvua ilikata barabara, nimeenda stendi siku tano, gari mafi." Akalia kana kwamba kosa ni lake. Hotelini walikuwa wameweka mtu mwingine, na simlaumu bosi, nilizidisha siku tisa. Kwa hiyo sasa nina muda. Mnaonisikia nikisoma uani saa nne asubuhi, ndiyo hiyo sababu.

Vipande vyote sita viko hapa. Nyuma ya cha nne nimeandika mimi mwenyewe jina la Wani, chini ya langu, maana alikisikia chote na kunisahihisha. Cha tano kimenishinda. Nikiandika jina lake nitakuwa namdanganya mwalimu wetu, na nisipoliandika nitakuwa nasema alikufa hasikilizi. Cha sita sijakifungua, utepe wa Mama Susu uko vile vile. Msinidai. Sheria mnaijua, na mkunga atasubiri.

Kila asubuhi nachukua cha tano, nakaa mahali penye kivuli na kuanza pale aliposema polepole. Nasoma kwa sauti. Kila baada ya mistari michache nasimama na kuinua macho. Kwa mwendo huo, leo nimefika ukurasa wa tano.